Figo Yenye Bima

Wewe. Ndiyo, wewe unayejifanya unatafuta kitu mfukoni. Ulikuwepo. Usiniambie ulikuwa safarini, usiniambie simu ilikuwa inaita. Mwasiti alipopandishwa jukwaani ulikuwepo, ukapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Na bima yake ilipokatwa palepale, jukwaa lilelile, ulikuwa umeinama unakagua kamba za viatu vyako. Siku hiyo ulivaa kandambili.

Basi kaa nikusimulie ulichokikosa. Nitasimulia kwa upole, kama raia mwema.

Jamhuri ya Stara ni nchi nzuri. Haina vita, haina kelele, na haina mtu mzima hata mmoja mwenye shingo iliyonyooka. Wageni wakija hudhani tuna ugonjwa. Si ugonjwa, ni adabu. Wazee wetu walifundishana kusitiriana: mama akifunguka kanga njiani, unayekutana naye unageuza uso mpaka ajifunge. Mkwe akitukanwa ukweni, waliopo wote ghafla wanataka kujua kama mawingu yale ni ya mvua. Ilikuwa tabia njema, haikumgharimu mtu kitu. Halafu Serikali ikaja, ikaikuta tabia hiyo imekaa bure tu, haizalishi, ikaitaifisha.

Ndiyo ikatungwa Sheria ya Stara. Sheria yenyewe ni ya wazi kuliko sheria zote duniani. Hakuna uamuzi unaofanyika gizani. Kila uamuzi wa kumhusu raia lazima usomwe hadharani, mchana, mbele ya watu, kisha mpiga mbiu aulize mara tatu: "Yupo asiyeafiki?" Akipatikana mtu mmoja tu mwenye shingo iliyosimama, akasema kwa sauti, "Siafiki," uamuzi umekufa. Mmoja tu! Nionyeshe nchi nyingine yenye demokrasia ya bei rahisi namna hiyo. Masharti ni mawili: asiwe mhusika mwenyewe, na asiwe ndugu yake. Awe mtu baki, asiye na lake.

Na shingo iliyoinama ni ndiyo.

Sasa wakubwa wetu si wajinga. Waligundua jambo mapema. Uamuzi mzuri haupiti. Nakumbuka walipotaka kuchimba kisima pale sokoni. Hapakuwa na aibu yoyote ndani yake, kwa hiyo watu walikaa wameinua vichwa, wanatazama, wanauliza maswali, mmoja akasema siafiki kisima kikae karibu na machinjio, na kisima kikafa. Lakini walipowatoa wajane wa wafanyakazi wa reli kwenye nyumba zao, nakumbuka vizuri, mabibi wale walipangwa mstari na magodoro yao vichwani. Ilikuwa aibu tupu. Nani atamtazama mama wa watu na godoro lake? Wote tukawapa stara. Uamuzi ukapita mpiga mbiu hajamaliza kumeza mate. Tangu hapo ofisi zote za Serikali zina kitengo cha kuongeza aibu kwenye maamuzi.

*

Mwasiti alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Mwanamke mpana wa mabega, mwenye kicheko kinachotangulia mwili. Alikuwa anasonga ugali wa mabweni mazima kwa mwiko mrefu kama kasia, na kila mwezi kabla hajaonja mshahara wake, Mfuko wa Kinga ulikuwa umeshauonja, kwa ajili ya bima yake ya matibabu. Hakulalamika. Alisema bima ni kama mwavuli, ukiuacha nyumbani ndiyo siku inanyesha.

Mdogo wake, Chande, fundi wa jenereta, figo zake zikafa. Akawa mtu wa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, anatoka hapo kama nguo iliyokamuliwa. Mama yao alikuwa ameshatangulia mbele za haki, baba yao alitangulia zamani zaidi. Walikuwa wawili tu.

Wakati huohuo Wizara ya Ukarimu ilikuwa kwenye kampeni. Kila ukuta una picha ya mtu anayetabasamu, ameshika ubavu, na maneno: KIMOJA KINAKUTOSHA. Mwasiti akapimwa, figo zake zikaoana na mwili wa ndugu yake. Daktari akamweleza yote kama inavyopasa: utaishi na moja, wengi wanaishi nayo miaka mingi, ukishika mimba tutakuangalia kwa karibu zaidi, maana presha inaweza kukusumbua.

"Mimba?" Mwasiti akacheka. "Daktari, mimi na Bakiri tumeiita mpaka sauti imekauka."

Bakiri ndiye mumewe, mpakia mizigo kwenye maghala, mtu wa maneno machache.

Kabla hajalala kitandani Mwasiti alifanya kitu ambacho wengi hawafanyi. Alipita ofisi ya Mfuko wa Kinga akauliza: "Nikimpa mdogo wangu figo, bima yangu itakuwaje?"

Ofisa wa mapokezi aliguswa mpaka akasimama. "Dada yangu," akasema, "unaweza kuliuliza taifa swali kama hilo? Nchi haimsahau shujaa wake."

Na kweli haikumsahau.

*

Kidonda kilipofunga, alialikwa Uwanja wa Shukrani kuvishwa Nishani ya Ubavu. Ulikuwepo, tumeshakubaliana. Chande alikaa safu ya mbele, amenawiri, mashavu yamerudi. Jukwaani kulikuwa na Waziri wa Ukarimu, Mheshimiwa Dokta Gombera, na kando yake Mkurugenzi wa Mfuko wa Kinga, Bwana Tindwa, mwembamba, mwenye sauti laini kama mtu anayebembeleza mtoto wa mwenzake.

Waziri akaanza.

"Ndugu wananchi! Mtazameni mwanamke huyu! Kwa kweli msimtazame sana, ni mnyenyekevu. Wapo waliotoa jasho kwa nchi hii. Wapo waliotoa ardhi, hata kama hawakujua wanaitoa. Huyu ametoa cha ndani ya ndani! Serikali yenu sikivu ilikuwa ikijiuliza: tumeshakata mishahara, tumeshakata miti, tumeshakata umeme, tukate nini tena? Mwasiti akatufungulia njia! Amepungua yeye ili tuongezeke sisi! Natangaza leo kwamba barabara ya kwenda nyumbani kwake itaitwa Barabara ya Figo, mara tu itakapokuwepo!"

Makofi, vigelegele, tarumbeta. Ndipo Bwana Tindwa aliposogea kwenye kipaza sauti.

"Mfuko hauwezi kubaki nyuma katika kumtambua shujaa," akasema. "Na kumtambua mtu ni kujua mahali pake. Ndugu zangu, bima ni kinga dhidi ya jambo usilolitaka. Dada yetu alilitaka. Alifika hospitalini kwa miguu yake, ameoga, amefunga kula kama alivyoagizwa. Mtu akichoma nyumba yake mwenyewe, hata kama ameichoma kumpa jirani joto, tunamlipa? Tukimlipa, kesho nani atabaki na nyumba? Kwa hiyo Mfuko unaomba uamuzi ufuatao. Kwanza, maradhi yoyote yatakayompata Mwasiti kuanzia leo, kutoka nywele hadi kisigino, yatahesabiwa kuwa ni Maradhi ya Ukarimu, ambayo hatuyalipii. Pili, tusije tukaonekana hatuna utu: figo iliyotolewa haikuamua lolote. Haina kosa. Itaendelea kufurahia bima kamili popote itakapoishi."

Uwanja ukaingia aibu. Nani angeweza kumwangalia? Mwanamke ameitwa kuvishwa nishani, anavuliwa bima mbele ya wakwe, wapishi wenzake na bendi ya polisi. Kwa heshima yake, kwa upendo kabisa, uwanja mzima ukainamisha shingo. Sauti ya shingo zikiinama kwa pamoja ni kama mkeka unaokunjwa.

"Yupo asiyeafiki?" akauliza mpiga mbiu.

Chande aliruka juu. "Mimi siafiki! Siafiki hata kidogo!"

"Wewe nani wake?"

"Mdogo wake!"

"Kaa chini, kijana. Ndugu hahesabiki. Yupo asiyeafiki?"

Mwasiti mwenyewe je? Yeye kauli yake isingehesabika, lakini walau angesimama wima, watu wakaona uso wake, labda mmoja angeona haya ya aina nyingine. Wakati huo alikuwa anavishwa nishani. Na Mheshimiwa Waziri ni mfupi, jambo ambalo ni kosa la jinai kulitaja. Mwasiti akainama. Ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akikupa, unainama. Utepe ukanasa kwenye kilemba chake. Waziri akauvuta huku, ukakaza kule. Mwasiti, kwa adabu, akazidi kuinama ili asimchoshe mkubwa.

"Yupo asiyeafiki? Hakuna. Na mhusika mwenyewe, andikeni, ameinama kuliko wote. Umepita!"

Utepe ukanasuka. Mwasiti akainuka, anatabasamu, nishani inameta, anauliza walio karibu: "Wamesema nini?"

Hakuna aliyemjibu. Wangemjibuje, na wote wanatazama chini?

*

Usishangae nikikwambia kwamba mvua zilizofuata Mwasiti alishika mimba. Mambo ya Mungu hayasubiri kibali cha Mfuko. Bakiri, yule wa maneno machache, alitembea mtaa mzima anawasalimia watu mara mbilimbili. Mwasiti akavaa gauni pana, akachukua kadi yake, akaenda kliniki.

Karani wa dirishani akaiingiza kadi kwenye mashine, mashine ikalia vizuri.

"Kadi iko hai," akasema. "Ila si yako."

"Jina langu hilo hapo."

"Jina ni lako. Mwenye bima ni figo. Ya kushoto. Umekuja nayo?"

"Iko kwa mdogo wangu."

"Sasa mama!" Karani akashika kichwa. "Unakujaje kliniki umemwacha mwenye bima nyumbani?"

"Mimi ndiye mjamzito, mwanangu."

"Sikatai. Naona tumbo. Lakini wewe ni Maradhi ya Ukarimu. Huyo mtoto, kwa kumbukumbu zetu, ni dalili."

Nyuma yake foleni ya wajawazito wenzake ilikuwa imeinama yote, wanampa stara, matumbo yamewabana pumzi.

Wiki iliyofuata akaja na Chande. Ah, ungeona mapokezi! Chande akaletewa kiti chenye mto. Akaulizwa figo imeamkaje. Kwa kuwa bima ilikuwa ya figo, na kwenye kadi pameandikwa mimba, Chande akavuliwa viatu akalazwa kitanda cha wajawazito. Akapimwa urefu wa tumbo, akaambiwa ajitahidi kula, mtoto anaonekana mdogo. Akafungwa kile kitambaa cha presha mkononi.

"Safi kabisa," akasema mganga, anaandika. "Mama na mtoto wanaendelea vizuri."

"Mama amekaa nje kwenye benchi," Chande akasema. "Miguu imevimba. Anaona nyota mchana. Mpime yeye."

"Wewe unajisikiaje?"

"Mimi ni mwanamume, daktari!"

"Hilo halina tatizo. Sera yetu ni jumuishi."

Chande akapewa vidonge vya kuongeza damu. Akavificha shavuni, akatoka navyo, akamtemea dada yake kiganjani nyuma ya jengo la maiti. Mlinzi akawaona. Kumbe kumpa dawa mtu aliyekatwa bima ni magendo, Chande akalala mahabusu. Lakini figo haikulala mahabusu, hapana! Mfuko ulimpelekea godoro na chandarua, kwa ajili ya figo, na askari akaagizwa ampe maji ya kutosha. Chande alilia kwenye lile godoro kama mtoto.

Alipotoka hakukata tamaa. Akajiandikisha darasa la akina mama watarajiwa. Akawa anakaa katikati yao na ndevu zake, anafundishwa namna ya kuvuta pumzi na kusukuma, kisha jioni anamsomesha dada yake, wote wawili wamekaa sakafuni wanahema, Bakiri anawapepea.

"Vuta," Chande anasema. "Shikilia. Sasa toa, toa, toa."

"Nimeshatoa," Mwasiti akasema siku moja. "Chande, mdogo wangu, kitu gani tena hawa watu wanataka nitoe?"

Ndiyo mara ya mwisho alipocheka kile kicheko chake. Baada ya hapo kichwa kilikuwa kinamuuma mno.

*

Usije ukafikiri majirani walimtupa. Sisi si watu wa hivyo. Bi Somoe, wa nyumba ya pili, alimletea uji kila asubuhi. Ila alivyokuwa anamwonea haya asingeweza kumtazama, kwa hiyo aliingia kinyumenyume, na kumimina alimimina huku uso uko mlangoni.

"Pokea, mwanangu, pokea."

"Bi Somoe, unanimwagia mguuni."

"Ndiyo, kunywa, kunywa upate nguvu."

"Bibi, nitazame. Macho yangu yana ukungu. Uso wangu umevimba kiasi gani?"

"Mimi nikutazame wewe?" Bi Somoe akaumia kweli. "Mwanangu, nimekukosea nini uniambie neno zito hivyo? Mimi nakuheshimu!"

Akaondoka analia kwa huruma, sufuria imebaki tupu, na Mwasiti ana uji kwenye kidole gumba.

Mmoja tu alimtazama. Mkunga wa kliniki, Nesi Gaudensia, mwanamke mnene mkali, aliyekulia ng'ambo ya mpaka kwa hiyo shingo yake haikulelewa vizuri. Alikuwa anamwita nyuma ya jiko la hospitali, anampima presha huku anatukana.

"Hii si presha, huu ni mlio wa kengele," alimwambia. "Sikiliza, dada. Hiki ndicho kinachoelekea kuwa kifafa cha mimba, na hakijali nishani yako. Usizalie nyumbani. Usithubutu. Uchungu ukianza tu, njoo hapa mbio, upasuliwe, mtoto atolewe, la sivyo mnaondoka wote wawili. Umenielewa?"

"Watanifungulia?"

"Nitafungua mimi."

Wakasikika. Nesi Gaudensia akapandishwa cheo, akapelekwa kusimamia zahanati iliyoko kisiwa ambacho bado hakijagunduliwa.

*

Bakiri na Chande wakaenda kwa Bwana Tindwa. Walimkuta ofisini kwake, chini ya picha kubwa ya figo iliyotiwa fremu ya dhahabu. Akawakaribisha kwa chai. Chande alipewa kikombe, Bakiri hakupewa.

"Bosi," Chande akaanza, "nimekuja na ombi dogo. Itoeni. Mrudishieni mwenyewe. Mimi nitarudi kwenye mashine yangu."

Bwana Tindwa akaweka mkono kifuani. "Kijana, unajua unachokisema? Unataka kumfukuza mteja wetu nyumbani kwake? Na wewe ukiitoa utakuwa umejidhuru kwa hiari. Tutakuwa na Maradhi ya Ukarimu mawili katika ukoo mmoja. Itaonekana ni ya kurithi."

"Basi andikeni tu kwamba ni mgonjwa kama wagonjwa wengine."

"Mgonjwa wa kawaida aliugua kwa bahati mbaya. Dada yako aliugua kwa moyo mzuri. Bahati mbaya tunaweza kuikadiria, tuna wataalamu. Moyo mzuri, bwana mdogo, hauna mpaka. Leo figo, kesho ini, keshokutwa atataka kunyonyesha mtoto wa mwenzake. Mfuko utafilisika."

Bakiri akasema: "Mke wangu atakufa."

"Hilo ndilo linalotusumbua hata sisi," Bwana Tindwa akasema, na macho yake yakalengwalengwa kweli, nisimsingizie. "Akifia nje, ni msiba wa familia, tutaleta shada. Akifia ndani, ni takwimu yetu. Ndiyo maana nimeandaa uamuzi mpya. Kuna manesi wenye huruma, na huruma haina bajeti. Tunaomba lango la hospitali lifungwe kwa Mwasiti siku ya kujifungua, ili asiwaingize watu kwenye majaribu. Utasomwa hadharani, kwa uwazi, pale langoni. Na mimi ni mtu wa haki, nawaambia sheria inavyosema: huu unasimama juu ya ule wa uwanjani. Akitokea mtu baki mmoja wa kuukataa huu, na ule unaanguka nao. Dada yako atarudishiwa bima yake yote, na lango litafunguliwa saa hiyohiyo."

"Mtu mmoja tu?" Chande akauliza.

"Mmoja tu." Bwana Tindwa akatabasamu kwa upole, akajimiminia chai. "Miaka yote niliyokaa kwenye kiti hiki, kijana, sijawahi kumwona."

Chande alitoka pale akaanza kubisha milango. Alibisha kwako pia. Ulimwambia umeguswa sana. Ulimwambia jambo hili ni zito, linahitaji wenye elimu. Ulimwambia utamwombea, na kwamba mwenyewe una mtoto anayetafuta kazi kwenye Mfuko. Alipokuuliza, "Basi utakuja walau usimame?" ulimwambia kuja utakuja, si utamaduni wetu kumwacha mtu peke yake kwenye shida.

Na umekuja. Nakuona.

Uchungu umemshika alfajiri ya leo. Bakiri amemleta kwenye mkokoteni wa maghala, amelazwa juu ya magunia matupu, uso umevimba hata macho hayafunguki, mikono inarukaruka yenyewe. Nesi Gaudensia alisema mikono ikianza kuruka basi muda umekwisha. Lango liko hatua chache tu kutoka kwenye mkokoteni. Nyuma ya lango kuna daktari yuleyule aliyemtoa figo, amevaa glavu, anasubiri kuambiwa. Bwana Tindwa amesoma uamuzi wake kwa ile sauti ya kubembeleza. Mheshimiwa Waziri ametuma salamu, yuko nje ya nchi kwa matibabu.

Chande amesimama juu ya gurudumu, anapaza sauti kwa kila mtu kwa jina lake, na kila anayetajwa jina anazidi kuinama. Bi Somoe anatazama ukuta, analia. Bendi ya polisi inatazama tarumbeta zake. Bakiri amemshika mkewe kichwa, anamwambia vuta, shikilia, toa.

Mpiga mbiu ameshauliza mara ya kwanza.

Hakuna anayekuomba figo. Hakuna anayekuomba hela wala elimu yako. Una shingo, una koo. Si ndugu yake, si mhusika, huna lako hapa. Katika nchi nzima hii wewe ndiye hasa anayetakiwa na sheria. Acha kumsitiri Mwasiti. Anakufa kwa kusitiriwa. Mtazame! Mtazame usoni, uone alivyovimba, uone povu mdomoni, uone tumbo linavyogutuka na mtoto bado mzima ndani.

Mpiga mbiu ameuliza mara ya pili. Anavuta pumzi ya tatu.

Inua kichwa. Sema.